Ampli ya Padri

Tulipomzika Papa Wilondja kule Lweba, mwezi uliopita, watu wengi walisimama kumsifu, na kila aliyesimama alitaja foni, ile redio ya kuitana na watu wa mbali. Walisema huyu ndiye mzee aliyekuwa akiita majina ya watu kutoka Kilembwe mpaka ng'ambo ya ziwa wakati wa vita, na kwamba bila yeye nyumba nyingi zingekaa kilio cha watu waliokuwa wazima. Ni kweli. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka kati ya bamama, kikombe cha chai mkononi, na sikusimama. Kuna sehemu ya habari ile ambayo tuliijua watu watatu tu, labda na askari mmoja. Miaka mingi baada ya vita nilikutana naye sokoni Baraka, akaniomba nisiiseme kabla hajafa. "Mukisha kunizika, sema," aliniambia, akicheka kwa meno machache aliyobaki nayo. "Sema yote, hata ile mubaya. Haya yangu mutakuwa mumeizika na miye." Basi nasema.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita vya pili vya nchi yetu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa fizikia katika sekondari moja ya Baraka iliyokuwa haina tena madawati, maana askari walikuwa wameyapikia. Tulikimbilia milimani kwa miguu, siku nne, tukapokelewa Kilembwe kwenye misheni ambayo mapadri wake walikuwa wameshaondoka. Nilipewa nafasi kwenye chumba cha kushonea. Tulilala humo wanawake saba, kati ya mashine za kushona zilizong'olewa sindano, na ukutani bado palikuwa na karatasi za kukatia mashati ya watoto. Dirisha la chumba lilitazama jiko la nje, kwa hiyo kila kilichosemwa jikoni tulikisikia kana kwamba tumeambiwa sisi. Tulikula bugali ya muhogo na sombe, yaani kisamvu, kila siku, bila chumvi. Chumvi ilikuwa haipandi tena kutoka ziwani. Leo wajukuu zangu wakilalamika kwamba mboga haijakolea, huwa nanyamaza, maana nikianza kuwaeleza ladha ya sombe bila chumvi kwa miezi saba nitaonekana mzee anayetafuta huruma. Lakini ulimi wangu unaikumbuka kuliko hata mlio wa risasi.

Mdogo wangu Neema hakutaka kupanda milima. Alishuka Kazimia, kando ya ziwa, pamoja na watu wengine wa Baraka, wakapanda boti la mbao kwenda Kigoma. Nilijua siku waliyoondoka, na baada ya hapo sikujua kitu. Kisha mchuuzi wa ndakala, dagaa wa ziwani, akafika Kilembwe na gunia nusu, na kabla hajalifungua nilimsikia jikoni akisema, "Boti moja imezama. Ile ya Kazimia." Bamama wakamwuliza boti gani, ya siku gani, ya nani. Hakujua. Alisema alichosikia, akauza ndakala zake, akaenda. Mimi nilikuwa nimeshika sahani dirishani. Sikumbuki kama niliiweka chini au iliniponyoka.

Kwenye boti la Neema walikuwemo wengine wanne waliokuwa wangu kwa namna fulani, kwa sababu walikuwa wa watu niliolala nao jirani. Mama Zaina, mfanyabiashara wa samaki kutoka Baraka ambaye mkeka wake uligusana na wangu, alikuwa amewatanguliza watoto wake wawili na shangazi yao, yeye akabaki nyuma kumuuguza mama yake, ambaye alifia njiani. Na Papa Wilondja alikuwa amempeleka mkewe, Mama Feza, kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba asiweze kukimbia milimani. Mzee huyu ndiye aliyetunza foni ya misheni. Alianza kama mpishi wa padri mmoja mzungu aliyependa redio kuliko chakula, mtu aliyejenga mitambo yake mwenyewe na kuzungumza jioni na watu wa dunia nzima asiowajua. Padri alimfundisha mpishi wake kila kitu cha kufanya kwa mkono. Kwa nini kinafanyika hivyo, hakumfundisha.

Foni yenyewe ilikuwa ndogo, ya betri ya gari. Tuliweza kusikia nayo. Kila siku midi, jua likiwa utosini, mtu mmoja wa Kigoma alisoma ujumbe wa wakimbizi, lakini alisoma majina ya walioulizwa tu, maana wasioulizwa walikuwa maelfu. Na sisi kuuliza hatukuweza. Sauti ya foni ile ilikuwa mbu. Kwa saa ile ya mchana haikufika popote. Kilichohitajika ni lile sanduku kubwa la kijivu lililokaa chini ya meza, lenye lampi mbili za kioo zenye ukubwa wa chupa ya soda, ambalo kazi yake ilikuwa kuchukua sauti ndogo na kuifanya kubwa. Papa Wilondja aliliita ampli ya Padri. Na ampli ya Padri ilikuwa imekufa tangu mvua kubwa. Ukiiwasha, fizibo inakatika pale pale, ule waya mwembamba ndani ya kioo unaojitoa sadaka ili mashine isiungue. Alikuwa amekata fizibo tano, akaacha.

Mama Zaina ndiye aliyenisukuma. Tulikuwa tukimenya muhogo. "Weye si njo unafundishaka umeme?" aliniuliza.

"Ninafundisha kwa chaki, Mama Zaina. Ubaoni."

"Basi ubao na ile mashine bitaachana wapi? Twende kwa Papa Wilondja."

Mzee alikataa. Alisema mashine ile ina umeme wa kuua ng'ombe, kwamba Padri hakuruhusu mtu kuigusa, kwamba mazutu ya grupu, ile dizeli ya jenereta, imebaki kidogo. Alisema kwa adabu, kila mara kwa sababu mpya. Mwishowe Mama Zaina alikwenda mwenyewe kwa komanda wa wapiganaji walioshika Kilembwe, kwa kuwa siku zile kuongea kwenye foni bila ruhusa kulimfanya mtu aitwe mpelelezi. Akarudi na jibu: midi tatu. Siku tatu, nusu saa kila siku, na askari wake atakaa mlangoni asikie kila neno. Baada ya hapo Papa Wilondja hakuwa na sababu iliyobaki. Alitoa ufunguo uliofungwa kwa kamba shingoni mwake, akafungua.

Kile chumba ninaweza kukitembea gizani hata leo. Kilikuwa depo, ghala la misheni, kuta nene, dirisha moja dogo lenye nondo, harufu ya mavi ya popo na ya vumbi lililopashwa moto. Rafuni palikuwa na kopo la biskuti ambamo Padri aliweka vipuri vyake, kila kimoja kwenye karatasi yenye maandishi madogo. Ukutani ilining'inia fimbo ya ufagio yenye kulabu ya shaba, na kwenye kulabu waya mrefu uliofungwa kwenye bomba lililozama ardhini. Niliuliza ni ya nini. "Ya kuua mashine," alisema mzee. "Ukisha kuizima, unaiua tena na fimbo. Na mukono moja unatia mu mufuko. Padri alisema vile." Nilitabasamu. Nilidhani ni mambo ya mpishi na mzungu wake.

Nilianza kwa njia niliyoifahamu kutoka kitabuni. Tulizitoa lampi mbili tukazilaza juu ya blanketi, kisha nikachukua taa ya kawaida ya chumbani nikaiunga kwenye njia ya umeme, kiasi kwamba chochote ambacho ampli itakunywa lazima kipitie kwanza kwenye taa. Hivyo hatutakata fizibo tena. Taa ikiwaka kwa nguvu, ndani kuna mahali umeme unapita moja kwa moja, yaani kuna ugonjwa. Taa ikifa, ni heri. Mzee alikwenda kuvuta kamba ya grupu nje, na taa ikawaka kama jua. Nikaitenga mashine vipande vipande. Nilibakiza transfo peke yake, kile chuma kizito cha kupandisha umeme: taa ikawa giza. Transfo nzima. Nikarudisha sehemu inayofuata, safu za diodi, ambazo kazi yake ni kuruhusu umeme uende upande mmoja tu kama mlango usiofunguka kwa nje. Taa ikawaka tena. "Ugonjwa uko hapa," nilisema, na kwa furaha ile nikasikia grupu ikizimwa, nikanyoosha mkono kuzishika.

Papa Wilondja alinikamata mkono. Sikujua alikuwa ameshaingia. Alinivuta nyuma kwa nguvu ambayo sikuitarajia kwa mtu wa umri wake, akatungua fimbo, akatia mkono wa kushoto mfukoni, akagusa na kulabu vile vikopo vikubwa vinavyotunza umeme. Pakalia mlio kama wa risasi, na cheche ya buluu ikaruka. Askari wa mlangoni alilala chini na bunduki yake. Mimi nilikaa sakafuni nikielewa nilichokuwa nimekifundisha miaka minne bila kukielewa: kwamba mashine iliyozimwa haijafa. Palikuwa na risistansi ya kumwaga ule umeme polepole, nayo ilikuwa imekatika. Mzee alinipa maji ya kunywa. "Kitabu yako ilisahau fimbo," alisema, bila dharau. Nimewaambia wanafunzi wengi jambo hilo tangu siku ile, na kila mara nausikia mkono wake kwenye kifundo cha mkono wangu.

Midi ya kwanza ikapita hivyo. Siku ya pili asubuhi nilipima diodi moja moja. Tatu zilikuwa zimekufa, milango imefunguka pande zote mbili. Kwenye kopo la biskuti mlikuwa na mbili tu, na risistansi moja ya kufaa. Nilikaa na tatizo lile kama mtu aliyekaa na mgonjwa. Kisha nikaona nyuma ya transfo waya wa pili, wa umeme mdogo zaidi, ambao Padri aliuweka kwa ajili ya majaribio. Tukiutumia huo, nguvu ingepungua, lakini diodi zilizobaki zingeweza kubeba mzigo. Mzee alipasha moto chuma cha kulehemu kwenye makaa ya mbabula, jiko la bati, na mikono yake haikutikisika hata kidogo. Mimi nilionyesha, yeye akalehemu. Tulipomaliza, nusu saa ya siku ile ilikuwa inakaribia kwisha. Tukawasha. Taa ikawaka kwa nguvu, nikafumba macho, nilipofumbua ilikuwa inafifia, polepole, nyekundu, kahawia, mpaka ukabaki uzi tu. Vikopo vilikuwa vimejaa na kutulia. Ampli ilikuwa inapumua. Nilipiga kelele, nikamkumbatia mzee, na askari wa mlangoni akacheka. Ni sasa tu, ninapoikumbuka sura ile, ninaona kwamba mzee hakucheka.

Siku ya tatu tulirudisha lampi. Zikawaka rangi ya chungwa, nzuri kutazama. Sindano ya kwanza ikapanda: umeme mkubwa upo. Nikabonyeza kitufe kuita, na sindano ya pili, ile ya kuonyesha umeme unaoingia kwenye lampi, ikalala kwenye sifuri. Nikabonyeza tena. Sifuri. Ilikuwa imebaki robo saa kabla ya midi. Tukazima, tukapiga fimbo, nikalaza sanduku ubavu nikaingiza kichwa chini yake na tochi. Waya mwekundu mnene uliotoka kwenye vikopo kwenda kwenye lampi ulikuwa umekatwa. Haukuungua na haukuliwa na panya. Ulikuwa umekatwa kwa pensi, koleo la kukatia waya, na ncha zake mbili zimekunjwa ndani ili zisionekane. Shaba yote ya chumba kile ilikuwa imegeuka kijani kwa unyevu. Shaba ya zile ncha mbili ilimetameta. Jana haukuwa umekatwa, na ufunguo ulikuwa kwenye shingo moja tu.

Nilitoka chini ya sanduku. "Papa," nilimwuliza, "ni weye?"

Hakukana. Alikaa juu ya kreti tupu ya soda, akaweka mikono magotini. "Mwalimu, miezi mbili niko na Feza mu kichwa. Asubuhi minamusalimia. Nikipika bugali minamwambia, mama, leo imekuwa ngumu, utanisamehe. Ukiita kule Kigoma, watatafuta mu kitabu yao. Kama haiko, asubuhi nitasalimia nani? Mashine ikinyamaza, bibi yangu iko muzima."

Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena. Nilimwambia kwamba mdogo wangu yumo kwenye boti lile lile. Nilimwambia hana haki. Nilimwita jina ambalo mtoto hamwiti mzee, na nilipokuja kumwomba msamaha baadaye alisema hakulisikia. "Weye uko kijana," alijibu tu siku ile. "Kijana anaweza kuzika, na kesho analima. Miye siweze."

Mama Zaina alikuwa amesimama mlangoni, mbele ya yule askari. Hatukujua alikuwa pale tangu lini. Nilitegemea apige kelele, maana alikuwa mwanamke wa sokoni mwenye sauti. Aliingia, akachuchumaa mbele ya mzee kama mtu anayempa maji ya kunawa.

"Papa Wilondja," alisema, "miye kila siku minaswali mara tano. Mu kila swala niko naombea batoto bangu safari njema. Sasa kama bamekufa? Basi ni miezi mbili banangojea dua ya kaburi, na mama yao iko nabaombea safari. Niambie. Niombe gani? Nakubali yoyote. Lakini nisiendelee kubakosea."

Nje kulikuwa na kuku wakikwaruza. Kisha mzee aliinuka, akachukua pensi, akachubua ncha zile mbili za waya mwekundu, akasema, "Leta makaa." Alilehemu mwenyewe. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye ndevu na hakuyafuta, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na chuma na mwingine alikuwa ameutia mfukoni.

Sindano ya pili ikapanda. Nilimpa mzee kipaza sauti, maana sauti ya Kilembwe ilikuwa yake, naye akaita. Aliita mara nne. Mara ya tano kelele zikafunguka, na Kiswahili cha Tanzania kikaingia chumbani kikiwa kimenyooka kama shati lililopigwa pasi: "Kilembwe, Kilembwe, hapa Kigoma, nakupata vizuri. Karibuni sana. Mlikuwa wapi siku zote hizi?" Papa Wilondja alisoma majina. Alisoma la Neema. Alisoma ya watoto wawili na shangazi yao. Kisha akanyamaza, na mimi nikajua hataweza, nikafungua mdomo nimsaidie, na akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na Feza, bibi ya Wilondja, miguu yake imevimba." Mtu wa Kigoma akatuambia tungoje, anafungua daftari.

Tulingoja. Grupu ilikohoa mara moja na mazutu ya mwisho, ikaendelea. Askari alikuwa ameingia ndani kabisa, kofia mkononi.

Boti lao halikuzama. Lililozama lilikuwa jingine, la watu wengine, na hao nao walikuwa na watu wao. Siku ile hatukuweza kuwafikiria. La kwetu injini ilikufa katikati ya ziwa, wakapiga kasia kwa zamu, wakafika mbali kusini baada ya siku tatu. Neema yupo. Watoto wa Mama Zaina wapo, wote wawili, wameandikishwa shule. Shangazi yao alifika mzima, akafa kambini kwa homa. Feza yupo, miguu, alisema yule mtu akisoma, inaendelea vizuri. Mama Zaina alikaa sakafuni akasema dua mbili, moja baada ya nyingine, ya wazima kwanza, na kila moja sasa ilikuwa na mwenyewe. Papa Wilondja alijibu kwa taratibu zote za foni, akashukuru, akaaga, akazima, akapiga fimbo. Halafu akatoka nje akajilaza kwenye nyasi, kifudifudi, juani. Tulimwacha.

Komanda aliposimuliwa na askari wake alisema, "Kesho tena." Na kesho yake palikuwa na foleni kutoka depo mpaka kanisani, watu wenye majina kwenye vipande vya karatasi, kwenye viganja, kichwani tu, na baadhi yao wamebeba mazutu kwenye chupa. Wengi walirudi wakiimba. Wengine hapana, na mzee alitoka nje na kila mmoja wao, akakaa naye. Mimi sikuwa na moyo huo.

Siku ya sita mtu wa Kigoma alisema kuna mgeni pale kwake amesafiri kwa lori tangu asubuhi. Kisha ikaja sauti ya mwanamke, ndogo, inazama na kuibuka kati ya kelele, akipiga makelele kama watu wasiozoea foni wanavyofanya. "Wilondja! Wilondja! Uko nasikia? Uko nakula?" Mzee alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Miezi mbili!" alisema Mama Feza. "Benzangu bote baliitwa na babwana zao. Juu ya nini weye ulikawia kuniita?"

Papa Wilondja alinitazama mimi, akamtazama Mama Zaina. Mama Zaina alikuwa anatazama dari. Mzee akabonyeza kitufe.

"Waya ilikatika, mama," alisema. "Tumeiunga."

"Basi muichunge," alisema Feza.